Mwendo Nisiojua Nimeuona Wapi

Vijana wangu, kila mkija hapa nyumbani kunijulia hali mnaniuliza swali lile lile kwa namna tofauti: kompyuta inajuaje mtu anavyotembea? Mnauliza kana kwamba kwa kuwa nimestaafu, jibu nimelifungia kabatini. Sina jibu. Nimefanya kazi ya vikaragosi vya katuni hapa Mwanza mpaka macho yakagoma. Nimevikata, nimeviunganisha, nimevikalisha na kuvisimamisha, na nimetoka kazini nimechanganyikiwa kuliko siku niliyoingia. Kwa hiyo msikae kama mko darasani. Nitawasimulia jambo lililotokea, pamoja na zile sehemu ambazo mpaka leo hazijanikaa kichwani.

Kwa ambao hawajaiona, kazi yenyewe iko hivi. Unamchora mtu, halafu unamkata. Kichwa peke yake, kiwiliwili peke yake, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, paja, mguu kuanzia gotini, wayo. Zamani tulimkata kwa mkasi kwenye karatasi ngumu, tukamfunga viungo kwa vipini vidogo vya bati, tukamlaza mezani chini ya kamera. Picha moja, unamsogeza kidogo, picha nyingine. Mtu akipiga chafya, vipande vinaruka na siku imekwenda. Baadaye zikaja kompyuta, na vipande vikahamia kwenye kioo. Kila kiungo kikawa na nukta yake, tunaiita pini, na kipande kinazunguka kwenye pini hiyo kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Halafu mwenzako anaandika amri: paja liende mbele kiasi hiki, lirudi nyuma kiasi hiki, goti likunjike, mkono ujibu. Amri hizo tuliziita skripti. Ukishaandika, unabonyeza tu, na mtu uliyemchora anaondoka zake. Hakuna anayemgusa. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilitoka nje kunywa maji, na nilipofika bombani nikasahau nilichofuata.

Aliyenifundisha ni Bwana Nilesh, mwenye studio. Alikulia kwenye duka la vitambaa la familia yao, na kabla ya katuni alishika mkasi wa kukatia vitenge. Viungo vyangu vya mwanzo vilikuwa vinaachana. Kikaragosi kikikunja mkono, kiwiko kinafunguka na unaona ukuta wa nyuma. Nikawa nachora upya kila wakati, mpaka siku moja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Leokadia, ulishawahi kushona?"

"Vishikizo tu."

"Fundi akikata gauni hakati kwenye mstari. Anaacha ya kushonea. Na wewe acha ya kushonea."

Ndiyo siri ya kiungo, wanangu. Mwisho wa kila kipande uwe mviringo, na uingie chini ya mwenzake. Kinachoonekana ni kidogo, kilichojificha ni kikubwa. Nimewaambia hili mara nyingi na bado naona viwiko vyenu vinafunguka.

Aliyeandika skripti alikuwa Masanja, kijana aliyetoka chuo. Mpole, mwepesi wa kucheka, kila asubuhi "Shikamoo mama" kabla hajavua begi. Yeye na mimi tulisumbuana sana juu ya kushoto na kulia. Mimi nilipoandika "mkono wa kulia" nilimaanisha mkono wa kulia wa kikaragosi. Yeye alielewa mkono ulio upande wa kulia wa kioo. Tulitoa katuni nzima ambamo mtoto anampa bibi yake kikombe kwa mkono wa kushoto, na hatukuona. Waliona watu. Mama mmoja alipiga simu studio kuuliza kama siku hizi tunafundisha utovu wa adabu. Tangu siku hiyo tukakubaliana kuandika "mkono wa kulia wake mwenyewe", na bado tulikosea. Ukikaa unatazamana na mtu kutwa nzima, mwisho hujui tena upande upi ni wako.

Sasa basi, Mzee Ndoo.

Tuliombwa kutengeneza katuni fupi kuhusu kichocho, ya kuonyeshwa kwenye televisheni za zahanati za huku kwetu kando ya ziwa. Mhusika wake alikuwa mzee anayekwenda kuchota maji ziwani kwa ndoo, anaingia mpaka magotini, anapata ugonjwa, anaelimishwa, anapona. Tukamwita Mzee Ndoo. Wakati huo studio ilikuwa Igogo, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vipuri, na meza yangu ilikuwa dirishani.

Nilimchora, nikamkata, nikaweka pini, nikampa Masanja. Masanja akaandika mwendo. Mwendo wa kawaida ni rahisi: mguu mmoja ukienda mbele, mwingine unarudi nyuma kiasi hicho hicho, kwa hiyo unachukua namba ile ile, moja unaijumlisha, nyingine unaipa alama ya kutoa. Tukabonyeza. Mzee Ndoo akaondoka, lakini hakutembea kama tulivyotaka. Mguu wa kushoto ulichelewa, ukaburuta, halafu ukafika ghafla kama uliosukumwa. Bega likapanda kuufuata.

Masanja alicheka mpaka akainamisha kichwa mezani. "Mama, nimeharibu. Ngoja nirekebishe."

Nikamwambia asubiri. Sijui kwa nini. Nikaipandisha pini ya nyonga juu kidogo, nikaiteremsha, nikaipandisha tena, mpaka mahali fulani moyo ukaniambia: hapo. Halafu nikamwambia Masanja aongeze kitu kimoja: kila baada ya hatua chache, kichwa kigeuke kidogo nyuma, kulia kwake mwenyewe, kama mtu anayeitwa.

"Nani anamwita?" Masanja akauliza.

"Hakuna anayemwita. Ageuke tu."

Bwana Nilesh akaja, akaangalia, akasema, "Huyu mtu nimemwona mahali," akarudi ofisini kwake. Katuni ikatoka hivyo. Sikuifikiria tena.

Baada ya muda tulihama, tukaenda Buhongwa, kwenye nyumba yenye vyumba vikubwa zaidi na umeme usiokatika kila mara. Masanja naye akapata kazi Dar es Salaam akatuaga. Asubuhi moja nikiwa kwenye korido nikaona mama ameketi kwenye kiti cha wageni, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alikuwa wa rika langu, amevaa kitenge kizuri, viatu vina vumbi la safari. Tukasalimiana.

"Naitwa Nyamizi. Nimetoka Magu. Nimeuliza Igogo wakanielekeza huku. Ninyi ndio mliotengeneza ile katuni ya mzee wa ndoo?"

Nikasema ndiyo sisi. Nilidhani amekuja kulalamika, baada ya yale ya mkono wa kushoto.

"Ni nani alimchora?"

"Ni mimi, dada."

"Kaka yangu umemwona wapi?"

Nikamwomba arudie. Akarudia, na bado sikuelewa. Basi akanieleza taratibu, kama anayeeleza mgonjwa. Alimpeleka mama yao zahanati ya Magu kwa ajili ya macho. Wakiwa kwenye foleni, televisheni ikaonyesha katuni yetu. Alikuwa hata haitazami. Ghafla mzee akapita kwenye kioo, na yeye akasimama akaita kwa sauti, "Sitta!" Watu wote wakamgeukia. Mama yake akamwuliza, "Yuko wapi?" Nyamizi akaketi tena. Alikaa pale mpaka katuni ikazunguka tena, akaiona mara ya pili, na mwishoni akasoma jina la studio.

Sitta alikuwa mdogo wake. Akiwa kijana alianguka kutoka juu ya marobota ya pamba akavunjika nyonga, ikaunga vibaya. Baba yao alikuwa mkulima mkali, na siku moja wakati wa kulima akamwambia mbele ya watu kwamba shamba halina kazi ya mtu wa mguu mmoja. Asubuhi yake Sitta hakuonekana. Akatuma salamu mara moja kwa mtu, halafu kimya. Miaka ikapita. Baba akafa, Sitta hakuja msibani, na ndugu wakaona hilo ndilo jibu. Mtoto wa kiume hawezi kukosa mazishi ya baba yake kama yu hai.

"Baba mdogo amepanga tumlilie," Nyamizi akasema. "Jumamosi hii. Watu wameshaitwa. Akishaliliwa, amekufa. Jina lake anapewa mtoto, sehemu yake inagawanywa, na mama anavuliwa tumaini. Mimi nasema yu hai. Wananiuliza umejuaje, nawaambia nimeona katuni. Unafikiri wananionaje?"

Nikamwelewa. Akaniuliza tena, polepole: huyu mzee nilimwiga mtu, au nilimtunga kichwani?

Wanangu, nilitaka sana kusema nimemwiga mtu. Ningesema hivyo, yule mama angerudi kwao na kitu mkononi. Lakini nilikuwa sijui. Nikampigia Masanja simu, nikaweka sauti ya nje ili asikie mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Masanja, ule mwendo wa Mzee Ndoo tuliutoa wapi?"

Akacheka. "Mama, si lile kosa langu? Niliweka alama ya kutoa kwenye goti, ilitakiwa iwe kwenye paja. Nenda kafungue faili utaikuta."

"Hukumwangalia mtu?"

"Nimwangalie nani? Ni hesabu tu iliyokosewa."

Nikafungua faili mbele ya Nyamizi. Alama ilikuwa pale kwenye goti, imekaa vibaya kama alivyosema. Nikamwonyesha. Hakujua kusoma skripti lakini alielewa uso wangu. Akafunga mkoba wake.

"Kwa hiyo ni kosa."

"Inaonekana hivyo, dada."

Akasimama. Alipofika mlangoni akageuka. "Na kichwa? Hesabu iliyokosewa ndiyo inageuza kichwa?"

Kichwa hakikuwa cha Masanja. Kichwa nilikiomba mimi.

"Sitta alikuwa anageuka hivyo hivyo," akasema. "Tangu mdogo. Anatembea, halafu anageuka kama ameitwa. Tulikuwa tunamtania."

Nikamwambia arudi ndani. Nikamwomba atembee mbele yangu kama alivyokuwa anatembea kaka yake. Aliona aibu mwanzoni, akaweka mkoba chini, akatembea kwenye korido, akaburuta mguu, akapandisha bega, akageuka. Nikamwomba arudie. Nami nikasimama nikatembea nyuma yake, nikimwiga anayemwiga. Bwana Nilesh akafungua mlango wa ofisi, akatukuta wanawake wawili wazima tunachechemea kuelekea stoo.

"Leokadia, kuna mtu ameumia?"

"Hapana bosi. Tunatafuta mtu."

Akafunga mlango taratibu.

Kuna kitu kilikuwa hakikai sawa. Miguu ndiyo, bega ndiyo, lakini nikimwangalia Nyamizi mikono yake ilinikera. Ilining'inia bure. Nikamwambia, "Mikono si hivyo." Akasema Sitta alikuwa anatembea na mikono kawaida tu. Nikasema hapana, mikono iko mbele, imekamata kitu. Sikujua nasema nini. Nikavuta kiti changu cha magurudumu kutoka mezani nikamwekea mbele yake. "Sukuma."

Akasukuma kile kiti kwenye korido, mguu ukaburuta, bega likapanda, na nikaona barabara. Nawaambia ukweli, niliiona: ile barabara ya Igogo chini ya dirisha langu, inayopanda kutoka ziwani, na mtu anasukuma mkokoteni wenye mabonge ya barafu yaliyofunikwa magunia, maji yanachuruzika nyuma yake, na kila baada ya hatua chache anageuka kulia kuangalia kama kuna gari linalopanda nyuma yake. Alipita pale kila asubuhi. Sikuwahi kumtazama hata mara moja, maana mimi nilikuwa natazama kioo changu. Sasa macho yalimchukua saa ngapi? Sijui. Na kama yalimchukua macho yangu, lile kosa la Masanja liliingiaje hapo? Maana kosa ni kosa kweli, nimelikuta kwenye faili. Nimeshakaa na jambo hili miaka, na kila nikishika ncha moja nyingine inaniponyoka.

Nikamwambia Nyamizi nilichokiona. Hakufurahi kama nilivyotegemea. Akasema, "Lakini Sitta hakuwa anageuka kwa sababu ya magari. Kwetu hakukuwa na magari." Halafu akasema, "Twende."

Tulifika Igogo mchana. Chini kabisa, karibu na maji, kuna mahali wanapouza barafu kwa wenye samaki, na wasukuma mikokoteni hukaa pale kivulini wakisubiri mizigo. Tukawasalimu, tukaulizia Sitta wa Magu. Wakatafakari, wakaulizana, mwisho wakasema hapa hakuna Sitta. Nyamizi akaeleza sura yake, lakini ilikuwa sura ya kijana aliyeondoka zamani. Hakuna aliyemjua.

Nilikuwa na kompyuta ya mkononi begini. Nikaifungua juu ya mkokoteni mmoja, nikakinga jua kwa khanga, nikabonyeza. Mzee Ndoo akatembea.

Wale wanaume walipiga kelele zilizowafanya wauza samaki wasimame. "Barafu! Huyu ni Barafu!" Mmoja akapiga paja lake. "Mmemweka Barafu kwenye televisheni, na yeye mwenyewe anajua?"

"Yuko wapi?" Nyamizi akauliza.

Wakasema mkokoteni aliacha, mguu ulikuwa unamsumbua. Siku hizi ni mlinzi wa geti kwenye ghala la mchele, pale juu, si mbali.

Getini tulikuta mtu ameketi kwenye stuli, ndevu zina mvi, redio ndogo imening'inia kwenye msumari. Nilimwangalia Nyamizi. Akanisogelea akaninong'oneza, "Sijui." Alikuwa amekuja njia yote ile, na sasa mtu yuko mbele yake na hamjui. Mtu akiwa amekaa hana mwendo, na sura ya kaka yake ilikuwa imeshachukuliwa na miaka.

Tukasimama kama wajinga. Yule mlinzi akatuuliza kama tumefuata mchele. Nikasema ndiyo, kwa sababu sikuwa na neno jingine. Akasimama kwenda kutufungulia. Hatua ya kwanza, ya pili, mguu ukaburuta, bega likapanda. Alipofika kwenye komeo akageuza kichwa, na nyuma yake hapakuwa na gari wala mtu.

"Sitta," Nyamizi akasema.

Mkono ukabaki kwenye komeo.

"Jumamosi tunakulilia," akaendelea. Nadhani alikuwa amejiandaa kusema mengine, lakini hayo ndiyo yaliyotoka.

Akageuka mwili mzima. "Nani amekufa?"

"Wewe."

Sijui kama nimewahi kuona uso wa mtu ukipitia mambo mengi kwa muda mfupi namna ile. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akatazama kompyuta mikononi mwangu. Akasema, "Nyamizi?" Halafu akauliza, "Mzee?"

"Alishatangulia."

Akarudi kwenye stuli akaketi. Redio ilikuwa inazungumzia mpira, hakuna aliyeizima. Nyamizi akachuchumaa mbele yake. Sitta akaanza kusema hawezi kwenda kwao, atakwenda kufanya nini, alikuja Mwanza kwa hasira, na hasira ilipoisha aibu ikashika nafasi yake, na kila mwaka aibu ilikuwa kubwa zaidi kuliko mwaka uliotangulia. "Hata msiba sikuujua," akasema. "Hata msiba."

"Baba alikuwa anakuulizia," Nyamizi akasema.

Akainua kichwa. "Anasemaje?"

"Anasema, Sitta bado hajarudi?"

Mimi niliyekuwa pembeni sikujua kama ni kweli. Sikumwuliza Nyamizi siku ile, wala baadaye. Wengine mtasema ningeuliza. Labda.

Ijumaa Nyamizi alinipigia kwamba Sitta amekubali, lakini anataka na mimi niende. Sijui alinihitaji kwa lipi. Nilimwomba Bwana Nilesh ruhusa, akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia nakwenda kwenye msiba wa mtu aliye hai. Akasema, "Ile katuni inakusumbua sana wewe," akaniruhusu.

Tulifika kwao asubuhi, turubai likiwa limeshafungwa, wanawake wameketi kwenye mikeka, sufuria za wali ziko motoni nyuma ya nyumba. Baba mdogo, aliyeandaa shughuli, alikuwa anapanga viti. Akamwona Nyamizi, akafungua mdomo kumgombeza kwa kuchelewa, halafu akamwona aliye nyuma yake. Akashusha kiti chini.

"Huyu ni nani?"

"Shikamoo baba," Sitta akasema.

Baba mdogo hakuitikia. Akamzunguka, akamwangalia mguu. "Tembea," akamwambia. Sitta akatembea hatua chache kwenye ule uwanja, na kwenye mikeka mwanamke mmoja akapiga kelele, mwingine akaanza kulia, na mwingine, nadhani alikuwa amechelewa kufahamu, akaanza kilio cha msiba kama walivyopanga. Wengine wakamfuata. Kwa muda watu walimlilia mtu aliyesimama mbele yao, naye akiwa ameinamisha kichwa, mpaka mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa tunalia au tunashangilia?"

"Nimeshaita watu!" Baba mdogo akasema. "Nimeshaita watu mpaka wa Shinyanga. Niwaambie nini?"

"Waambie wale wali," Nyamizi akamjibu.

Mama yao alikuwa ndani. Macho yalikuwa yamebaki na mwanga kidogo tu. Sitta alipiga magoti mbele yake na mama akampapasa uso, ndevu, shingo, masikio, kwa muda mrefu. Halafu akamshika kidole gumba akakishikilia kama anayeogopa kitarudi kilikotoka. Nilitoka nje. Ile haikuwa kazi yangu kuiona.

Baada ya kula vijana waliomba waione ile katuni. Nikafungua kompyuta chini ya turubai, watu wakajazana. Mzee Ndoo akashuka kwenda ziwani, akaburuta mguu, akapandisha bega, akageuka. Uwanja mzima ukacheka na kupiga makofi, "Ndiye! Ndiye huyu!" Sitta alikuwa amekaa mbele kabisa. Yeye hakucheka. Aliangalia mpaka mwisho kwa uso wa mtu anayesoma tangazo lisilomhusu.

"Mimi sitembei hivyo," akasema.

Nyamizi akamwambia, "Sitta, acha utani."

"Siyo utani. Huyu mzee anachechemea." Akanigeukia mimi, kwa heshima kabisa. "Samahani mama. Umechora vizuri. Lakini huyu siyo mimi."

Akasimama akaenda kumwangalia mama yake, na sisi sote tukabaki tunamtazama akikatiza uwanja. Nilisikia vicheko vikianza nyuma yangu, vya wale wanaojaribu kujizuia. Mimi sikucheka. Nilianza kufikiri kwamba labda anasema kweli. Masanja anasema ni hesabu, Nyamizi anasema ni kaka yake, mwenyewe anasema siye, na mimi niliyeweka pini pale siwezi kuapa kwa upande wowote.

Kabla sijaondoka niliitwa ndani kumuaga mama. Nikamsalimu kwa kilugha chao, "Mwadila, mayu," akaitikia, akanivuta niketi kitandani karibu naye.

"Nasikia wewe ndiye umemleta."

"Siyo mimi, mama. Ni Nyamizi."

"Nyamizi anasema ni wewe. Kwani unafanya kazi gani?"

Nikajaribu kueleza. Nikasema nachora watu, nawakata vipande, halafu kuna mtu anaandika maneno, na yale maneno yanawafanya watembee. Niliposikia ninachosema nikakoma. Alikuwa amekunja uso, ananisikiliza kwa bidii, kama mtu anayevuka maji bila kuona mawe.

"Unawakata," akasema.

"Kwenye picha tu, mama."

"Halafu wanatembea."

"Wanatembea."

Akafikiri. "Sijaelewa," akasema.

"Hata mimi, mama."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tufike, akanipigapiga mkono. Halafu akaita kwa sauti iliyonishtua, sauti ya mwanamke mwenye nyumba yake, "Sitta! Mgeni anaondoka, mletee maji anywe!" Na kutoka nyuma ya nyumba, Sitta akaitika.